Panya wa Akheri na Gunia la Pumba

Jumamosi pale Tengeru, kabla hujafika kwenye safu ya mahindi na maharage, utapita kwa muuza sumu. Ana spika ndogo inayorudia maneno yaleyale kutwa nzima: panya, mende, kunguni, viroboto, papasi. Chini ametandika turubai, na juu yake kapanga panya waliokufa, wakubwa kwa wadogo, mteja ajionee mwenyewe. Akina mama wanaoshuka na ndizi kutoka Akheri husimama, na swali lao karibu kila mara ni moja: "Akifa hatanuka?" Kijana hujibu papo hapo: "Hanuki mama, huyu anakauka." Pakiti mbili zinanunuliwa. Miezi michache baadaye mnunuzi yuleyule atasimama tena pale. Hatakuja kulalamika. Atakuja kuongeza nyingine, kwa sababu ile ya kwanza ilifanya kazi.

Sumu iliua, mizoga ikaokotwa, watoto wakalala bila kusikia mbio darini, halafu panya wakarudi. Wengi wetu tunaeleza jambo hili kwa kusema panya ni wajanja. Ni wajanja kweli, lakini ujanja hauelezi idadi yao. Idadi inaelezwa na chakula na maficho, na nyumba zetu za huku mlimani Akheri, hasa hizi mpya tunazojivunia, zina vyote viwili kwa wingi.

Kwanza tujue tunayepambana naye, maana panya si mmoja. Anayekimbia darini usiku ni panya mweusi wa nyumbani, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili, masikio ni makubwa, na kupanda kwake ni kupanda kwa kuzaliwa: ukuta wa tofali usiopigwa lipu, mti, waya wa umeme, vyote kwake ni njia. Kuna yule mdogo wa kabatini, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, anayepita kwenye tundu lisilozidi unene wa penseli. Na kuna panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye makazi yake ni mahindi na vichaka, lakini shamba likishavunwa huja kutazama mavuno yamepelekwa wapi. Huyu wa tatu ndiye bingwa wa uzazi. Jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya wengine, na kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo kwake ni kawaida. Panya buku, wale wa Morogoro waliofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, tuwaache na heshima zao. Hao siyo wanaokula pumba zako.

Sasa tupige hesabu. Panya mweusi mzima ana uzito wa gramu 150 hadi 200, na kwa siku hula chakula kikavu kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Panya kumi, na kumi ni wachache kwa nyumba yenye banda la ng'ombe, watakula kilo tano au zaidi kwa mwezi. Kati ya mavuno na mavuno ni kilo 60 hivi, yaani madebe matatu ya mahindi. Hapo sijahesabu wanachomwaga, wanachokojolea, wala mifuko wanayotoboa. Na wanaongezeka: mimba ya panya ni wiki tatu tu, jike mweusi huzaa sita hadi wanane, na watoto hao baada ya miezi mitatu au minne nao wanazaa.

Katika miaka ya 1940, mjini Baltimore nchini Marekani, mtafiti David E. Davis wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alifanya kazi ambayo mpaka leo inafaa kusomwa na mtu yeyote mwenye panya. Yeye na wenzake waliwahesabu panya mtaa kwa mtaa, wakawaua sehemu kubwa, kisha wakaendelea kuhesabu. Miezi haikupita mingi, idadi ikarudi palepale ilipokuwa. Waliobaki walipata nafasi zaidi, chakula zaidi na ugomvi mchache, wakazaa kwa kasi. Kwenye mitaa ambako takataka ziliondolewa, mapipa yakafunikwa na maficho yakabomolewa, panya walipungua na kubaki wachache. Ukiua panya nusu bila kugusa chakula, umewapa waliobaki mgao wa wenzao.

Kwa hiyo swali la kwanza Akheri ni hili: chakula chao kiko wapi? Ukimuuliza mwenye nyumba ataonyesha mahindi. Mahindi ni sehemu tu. Ukipita nyuma ya nyumba jioni utaona mengine. Huku ardhi ni ndogo na ng'ombe anafugwa ndani, analetewa nyasi na majani ya migomba, na pembeni ya banda pameegeshwa gunia la pumba na jingine la mashudu ya alizeti. Mdomo wa gunia umekunjwa tu. Kwenye kihori kumebaki mabaki ya asubuhi. Kuku wamelala, lakini chakula chao kimemwagika chini kama walivyokiacha. Parachichi zimedondoka, mikungu imening'inizwa jikoni ili iive. Mwenye nyumba amenunua sumu kwa ajili ya sebule, huku karamu inaandaliwa kila usiku hatua kumi kutoka mlango wa nyuma.

Gunia la pumba ndilo ningelianza nalo kabla ya kitu kingine chochote. Pipa la bati lenye mfuniko unaobana, hata lile kuukuu la mafuta lililooshwa vizuri, linamaliza jambo. Pipa la plastiki gumu linasaidia, ila panya akiwa na njaa na akipata ukingo wa kung'atia, atalitoboa. Meno yake ya mbele hayakomi kuota maisha yake yote, na ni magumu kuliko risasi na alumini laini. Kutafuna kwake ni matengenezo ya kila siku. Gunia la sandarusi halimsumbui hata kidogo.

Hapa niseme neno kuhusu mifuko ya PICS, ile ya "kinga njaa", kwa sababu wengi wanachanganya. Mifuko hiyo ilibuniwa kwa ajili ya kunde huko Afrika Magharibi, nayo ni kazi nzuri sana: tabaka mbili za plastiki ndani ya mfuko wa nje, hewa inakwisha, fukusi na dumuzi (wale waliobatizwa jina la Skania) wanakufa bila dawa. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya wadudu. Panya mmoja akitoboa tundu moja usiku, hewa inaingia na faida ya mfuko mzima imepotea, bei uliyolipa ikiwemo. Mifuko hiyo iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta kwa nafasi ya mtu kupita, ndani ya chumba kilichozibwa. Panya hupenda kutembea akiwa amegusa ukuta kwa ndevu na ubavu. Ukimnyima ukuta, umemnyima utulivu.

Swali la pili ni wanaingiaje. Zamani, nyumbani kwa mababu, mahindi yalikaa darini juu ya moto. Moshi uliwapunguza wadudu, na watu walikaa chini yake kila jioni, kwa hiyo mlio wowote juu ulisikika na mtu alipanda kutazama. Panya walikuwepo, sisemi hawakuwepo. Lakini leo jiko limetolewa nje, sebule imepigwa jipsam nyeupe yenye taa za kuzama, na pale juu, kati ya jipsam na bati, hakuna aliyefika tangu fundi ashuke. Ni pakavu, pana joto la jua la mchana, na hapafikiki na paka. Kama ungeambiwa umjengee panya nyumba ya wageni, ungejenga hivyohivyo.

Simama nje, uangalie pale bati linapokutana na ukuta. Bati lina mawimbi, ukuta umenyooka, kwa hiyo chini ya kila wimbi pamebaki tundu. Ukiingiza kidole gumba kikapita, panya mweusi mdogo anapita. Nyumba ya kawaida ina matundu kama hayo kwa makumi kila upande. Fisha bodi inayaficha macho yetu yasiyaone, haiyazibi. Chukua tochi, panda ngazi, utafute mahali ambapo saruji au mbao ina alama nyeusi, inayong'aa kidogo kama imepakwa grisi. Hayo ni mafuta ya manyoya na uchafu wa miili iliyopita hapo mamia ya mara. Mahali hapo ndipo mlangoni pao, na kwa kawaida utakuta milango mikuu ni miwili au mitatu tu, mingine haitumiki.

Vifaa vya kuzibia vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Tengeru au Usa River, na kimoja wakulima wa Akheri wanakijua tangu utotoni: wavu wa chuma wa matundu madogo, ule wa kuanikia kahawa. Ukate vipande, uukunje ufuate mawimbi ya bati, uubane kwa misumari na umalizie kwa saruji. Matundu ya mabomba ya sinki yajazwe stilwaya ya kusugulia sufuria kabla ya kupigwa saruji juu yake. Chini ya mlango wa jikoni pigilia ukanda wa bati. Fomu ya kupulizia, ambayo mafundi wanaipenda kwa sababu ni ya haraka, panya anaitafuna kwa usiku mmoja. Halafu tazama miti. Mparachichi ulioinamia paa ni daraja, na mgomba uliogusa ukuta ni ngazi. Kata matawi yabaki mbali na bati kwa zaidi ya mita moja. Najua parachichi ni pesa. Kata tawi moja, usikate mti.

Tahadhari moja: usizibe yote kwa siku moja wakati panya wako ndani. Utawafungia, nao watatafuna waya za umeme na dari kutafuta njia, au watafia humo. Tega kwanza kwa wiki moja, mbili. Nyunyiza unga au majivu kwenye njia zao usiku, asubuhi usome nyayo. Unga ukikaa siku kadhaa bila alama ya mguu wala mkia, ndipo uzibe tundu la mwisho.

Kutega nako kuna elimu yake. Panya mkubwa anaogopa kitu kipya. Ukiweka mtego leo mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, ataupita kwa mbali kwa siku kadhaa. Kwa hiyo weka mitego ya kubana bila kuitega, ikiwa na chambo, kwa siku tatu nne, aile, azoee. Kisha itege yote usiku mmoja. Iwe mingi, iwekwe kando ya ukuta, sehemu ya chambo ikielekea ukutani. Dagaa wa kukaanga, karanga iliyosagwa, kipande cha nazi iliyochomwa, vyote vinafaa, ila kifungwe kwa uzi ili panya alazimike kuvuta. Yule mdogo wa kabatini ni kinyume chake, ana udadisi, mtego mpya atauchungulia usiku uleule. Mtego wa gundi siupendi. Panya hubaki hai humo kwa masaa akilia, na mara nyingine anayenasa ni kifaranga au paka. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kufukuza panya kwa sauti isiyosikika na binadamu, pesa yake nunulia wavu. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 ikiwaonya kuhusu madai yao.

Turudi kwenye sumu, kwa sababu kuna wakati inahitajika, na anayeitumia ajue anatumia nini. Sumu za panya ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya haraka, kama zinki fosfaidi, unga wa kijivu unaokaribia weusi wenye harufu ya kitunguu saumu. Ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, na panya hufa kwa masaa. Panya hana uwezo wa kutapika, ndiyo maana anaonja kidogo kwanza. Akionja kidogo akaugua bila kufa, ataikwepa kwa muda mrefu. Hao ndio wale tunaosema wameizoea sumu.

Aina ya pili huzuia damu isigande. Historia yake ilianza na ng'ombe: katika miaka ya 1920 na 1930 ng'ombe wa Marekani na Kanada waliokula majani ya klova yaliyooza walikuwa wakivuja damu mpaka kufa. Mwanakemia Karl Paul Link wa Wisconsin aligundua kilichokuwa ndani ya majani hayo, na kutokana na kazi hiyo warfarini iliingia sokoni kama sumu ya panya mwaka 1948. Miaka michache baadaye ikawa dawa ya binadamu, na mpaka leo madaktari wanaiandika kwa wagonjwa ambao damu yao inaganda ovyo. Kwa panya inachukua siku tatu hadi wiki, kwa hiyo hahusishi ugonjwa na chakula, anaendelea kula. Zilizofuata, kama brodifakumu na bromadioloni, zina nguvu zaidi na hukaa ndani ya ini la mzoga kwa muda mrefu. Hapo ndipo paka wako anapoingia, na bundi. Bundi tunamfukuza kwa kumdhania mkosi, na ni mmoja wa wawindaji wachache wanaofanya kazi hii usiku kucha bila kulipwa.

Na kuhusu kukauka: hakuna sumu ya kumkausha panya. Panya mdogo akifia chini ya bati wakati wa kiangazi, joto litamkausha kabla harufu haijaenea. Mkubwa akifia ndani ya ukuta mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, nyumba nzima itahama sebule. Sumu ya pakiti isiyo na maandishi ina tatizo kubwa kuliko harufu. Hospitalini daktari hawezi kujua mtoto amemeza nini. Ya kuzuia damu kuganda ina tiba, vitamini K. Zinki fosfaidi haina dawa yake maalumu. Kiuatilifu halali kina lebo inayotaja kiambato chake, na mamlaka inayovisajili, TPHPA, makao yake makuu yako Ngaramtoni, upande wa pili tu wa jiji la Arusha. Mtoto akimeza, chukua pakiti uende nayo.

Wengine watasema: mimi nina paka. Paka anasaidia, ila si kwa namna tunayodhani. Utafiti uliofanywa kwenye kaya za vijijini nchini Eswatini, ukachapishwa mwaka 2017, uliona kuwa kaya yenye paka peke yake haikuwa na tofauti kubwa na isiyo na mnyama, wala yenye mbwa peke yake. Penye paka na mbwa pamoja, panya walipunguza kutembea na kula. Woga ulifanya kazi kuliko kucha. Paka anayelala jikoni, anakula ugali na dagaa, hana sababu ya kupambana na panya mzima.

Ya magonjwa yanahitaji uangalifu, maana hapa hofu huwa kubwa kuliko maarifa. Mwezi wa saba 2022 serikali ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, ambapo watu 20 waliugua na watatu walifariki, ulikuwa homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Nchi nzima ikawaangalia panya. Panya wanaibeba, na tafiti za chuo kikuu cha SUA kule Morogoro zimeonyesha hivyo. Lakini huku kaskazini hali ilionekana tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima panya zaidi ya 300 wa eneo la Moshi bila kumkuta hata mmoja na vijidudu hivyo, wakati kwa ng'ombe waliochinjwa vilikutwa kwa wastani wa saba katika kila mia. Na kukosea chanzo cha homa si jambo geni: kabla ya hapo, utafiti wa wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kuwa asilimia 60.7 waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Mkulima wa Akheri anayesafisha banda peku, akikanyaga mkojo wa ng'ombe akiwa na mchubuko mguuni, avae gambuti. Asimsingizie panya kila homa.

Tauni ni jambo jingine. Lushoto iliteswa nayo kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka ishirini, na Mbulu na Karatu, ambazo si mbali sana na sisi, zimewahi kuiona. Hapo mwenye hatari ni kiroboto. Panya akifa, kiroboto huuacha mzoga unaopoa na kutafuta mwili wenye joto, hata wa mtu aliyelala chini. Ndiyo maana wataalamu huua viroboto kwanza, kisha panya. Ukiona panya wanakufa wenyewe kwa wingi bila sumu, usiwaguse kwa mkono. Toa taarifa zahanati siku hiyohiyo. Na kinyesi cha kawaida cha darini kisifagiliwe kikavu: kilowanishe kwa maji yenye klorini, ufute kwa kitambaa, unawe.

Linalobaki ni majirani. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, nyumba zimesogeleana, na panya anatoka kwa kaka mkubwa kwenda kwa mdogo kupitia migomba bila kukanyaga njia. Kaya moja ikitega peke yake, inafungulia nafasi panya wa jirani. Ndugu wa kihamba kimoja wakitega kwa wiki ileile, nafasi hiyo haipo.

Wakati mzuri ni mwezi wa sita, mahindi yakiwa bado shambani na nyumbani hakuna akiba nyingi, panya wana njaa na chambo kina thamani. Na uutazame mwaka. Herwig Leirs na wenzake, waliofuatilia panya shamba Morogoro kwa miaka mingi, walionyesha kuwa mvua za vuli zikiwa nyingi na kuwahi, panya huanza kuzaa mapema na mwaka unaofuata huwa na milipuko. Vuli ikinyesha sana, mapipa na wavu vinunuliwe kabla ya masika. Anayejenga sasa hivi ana nafuu kuliko sisi sote: amwambie fundi azibe yale mawimbi ya bati kabla hajashusha ngazi, na asimlipe kipande cha mwisho mpaka apande mwenyewe na tochi.